Gereza la Wareno

Raya mwanangu,

Salamu tumeshapeana mchana wakati wa kula, na alfajiri tutapeana nyingine, kwa hiyo hapa sizirudii. Nnakuandikia baada ya Magharibi, wewe uko Ansab kwa shangazi yako unaaga. Nimekaa jikoni, maana chumbani kwangu nnamsikia Bibi akikohoa upande wa pili wa ukuta na mawazo yananikatika. Karatasi hizi utazikuta juu ya mto wako. Zisome zote kabla hujalala, kwa sababu mwishoni kuna jambo nnalotaka ulifanye kabla hujatoka, na ukilisoma ukiwa ndani ya ndege halitakuwa na faida yoyote.

Mambo ya baridi, ya nyama ya halali, ya kutoacha pasi inawaka, shangazi yako atakuwa keshayamaliza. Simuingilii kazi yake.

Mimi nataka tuzungumze juu ya neno moja. Unalijua. Liliniponyoka Ijumaa ile tukiwa tunakula, na tangu siku hiyo nyumba hii haijakaa sawa. Tumekubaliana kwamba kesho utatoka kimya kimya kabla ya adhana, Bibi akiwa usingizini, na akiamka mimi nimwambie umekwenda Sur kwa kazi. Mpango huo ni wangu. Niliupanga mimi, nikakushawishi mimi, wewe ukaitikia kwa kichwa tu huku unatazama sakafu. Sasa nnauvunja, na nataka ujue kwa nini.

Nianze na Ijumaa yenyewe. Ulikuja mezani na simu mkononi, umepata ile nafasi ya kusoma, miaka miwili Lisbon, ukarabati wa ngome na majengo ya mawe. Ukawa unanieleza kwa Kiarabu na unacheka kwa Kiswahili, kama unavyofanya ukifurahi. Bibi akauliza, "Anakwenda wapi mtoto?" Unayajua masikio yake. Nikainama karibu naye, na badala ya kusema ngome nikatumia neno lake mwenyewe. Bibi kazaliwa Unguja, nyumba ya nyuma ya Ngome Kongwe, na umri wake wote hajapata kuiita Ngome Kongwe. Kwake yeye ni Gereza. "Sisi watu wa nyuma ya Gereza," ndivyo anavyojitambulisha mpaka leo kwa wanawake wa hapa Ghubra, Maskati, na wale waliokulia bara, wasiomjua, hushtuka. Basi nikataka kumfurahisha. Nikamwambia, "Anakwenda Ureno, Mama. Anakwenda kwenye magereza ya Wareno."

Akaliweka chini tonge lake. Akakutazama wewe, kisha mimi.

"Kafanya nini?" akauliza.

Tukacheka, Raya. Wewe ulicheka mpaka ukapaliwa na maji, na mimi nikakupiga mgongoni huku nnacheka vile vile. Bibi alikaa anatutazama, hakula tena, akaomba asaidiwe kuinuka. Mimi nilidhani kashiba.

Yaliyofuata unayajua kwa sehemu. Unajua alivyokificha kiatu chako kimoja chini ya godoro ili usiweze kutoka. Unajua alivyokuwa akikushika mkono kila ukipita na kukuuliza kama umekula. Usilolijua ni kwamba kila baada ya Isha alikuwa ananiita, ananiuliza kwa sauti ya chini kama nimetafuta wakili. Siku moja aliniuliza kama wanawake huwekwa mbali na wanaume. Nikamwambia, "Mama, mambo haya sivyo unavyofikiri," nikatoka. Hivyo tu. Nusu ya jibu, halafu nikatoka.

Sasa nivumilie kidogo, maana mwalimu akistaafu hustaafu mshahara tu, mdomo unabaki kazini.

Hilo neno utalikuta huko. Utatoka siku ya kwanza kutembea, utainua macho uone jengo kubwa lenye msalaba, uulize linaitwaje, watakwambia *igreja*. Kanisa. Ndilo hilo hilo gereza letu. Mreno alipofika pwani zetu alijenga ukuta, na ndani ya ukuta akaweka kanisa lake, na watu wetu waliosimama nje wakamsikia akiliita igreja, wakaliita hivyo hivyo jengo zima. Kisha Mreno akaondoka, kanisa likafa, ukuta ukabaki. Waliokuja baada yake wakaona ukuta mzuri, mnene, una mlango mmoja, wakaweka humo watu wasiowataka. Neno likaendelea na kazi. Meza nnayoandikia hapa ni neno lao. Foronya ya mto wako ni yao pia, na bendera, na leso ya Bibi. Hayo hayakumdhuru mtu. Hilo moja ndilo lililoingia nyumbani kwetu likatudhuru.

Unakumbuka siku niliyokupeleka Maskati ya zamani, ulikuwa darasa la pili au la tatu, mama yako bado yu hai? Tulisimama chini pale bandarini, Jalali upande mmoja, Mirani upande wa pili, una aiskrimu inayokutiririka mpaka kwenye kiwiko. Nikakupa somo langu kama nilivyokuwa nawapa wanafunzi. Mreno alikuja, akauchoma mji huu, akajenga ngome hizi mbili. Sisi tukajikusanya chini ya Imamu, tukamtoa. Ukauliza, "Kisha?" Nikasema kisha tukamfuata mpaka Mombasa, tukamtoa na huko. "Kisha?" Kisha Unguja ikawa yetu. "Na nyumba zake mkazivunja?" Nikasema hapana. Ukasema, "Sasa mkazifanyia nini?"

Nikakununulia aiskrimu nyingine.

Nilifundisha historia miaka mingi na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza hivyo. Waliniuliza majina na miaka kwa ajili ya mtihani. Wewe uliuliza funguo zilikwenda kwa nani. Jibu nilikuwa nalo siku ile, nilikosa moyo wa kulisema mbele yako. Tulizichukua sisi. Ile Jalali uliyokuwa unaitazama ilikuwa jela mpaka juzi juzi, mimi nilipofika nchi hii nikiwa kijana watu walikuwa wakipita pale hawainui macho, na waliokuwa ndani hawakuwa Wareno. Kule Unguja tulijenga ukuta wetu juu ya kiwanja cha kanisa lao. Tukakaa pwani ile tukawa mabwana, na waliotulimia karafuu wana historia yao juu yetu ambayo mimi sikuifundisha hata siku moja. Kisha akaja Mwingereza na Mjerumani wakagawana, na Mwingereza akakuta gereza liko tayari. Halafu, mapinduzi yalipokuja, na sisi zamu yetu ikafika ya kuingizwa humo. Babu yako, kama utakavyosoma mbele, aliingia mlango ambao watu wake ndio walioujenga. Hilo usiwaachie watu wa Lisbon wakwambie wao. Nenda nalo kutoka kwetu.

Nikwambie na jingine nililochelewa kulijua. Nilikuwa nikifundisha kwamba Mreno aliletwa na uchoyo na dini yake. Uongo haumo, lakini siku hizi nikisoma nnaona zaidi woga. Kinchi kidogo, Mhispania mgongoni kwake, wakapiga mstari katikati ya bahari wasizozimiliki, huku kwangu huku kwako, kama mashangazi wanaogawana vyombo vya marehemu. Akakimbilia pilipili manga kabla hajapitwa. Akaja Mholanzi nyuma yake na Mwingereza nyuma ya Mholanzi. Kila mmoja akifika kwenye mji wa watu hakuwatazama wenye mji, aligeuza shingo kumwangalia mwenzake kama anamfikia. Mwingereza alipomsaidia Mfursi, yaani Mwajemi, kumtoa Mreno kisiwani Hormuz, Mreno akakimbilia hapa kwetu na watoto na masanduku, akaanza kuzinenepesha kuta za Maskati. Nenda kazipime ukirudi. Ule unene wote ni wa hofu ya Mzungu mwenzake, na waliobebeshwa mawe walikuwa watu wa hapa.

Nimeandika yote haya, nikayasoma tena, nikaona nnazungumza habari zangu mwenyewe.

Maana mimi pia nilikuwa nnashindana na Lisbon, juu yako. Tangu mama yako atangulie mbele ya haki nyumba hii, ukimtoa mhudumu, ina watu watatu, na kesho itakuwa na wawili, mmoja wao mwanamke wa zaidi ya miaka themanini na wa pili mtu anayezungumza na redio. Niliogopa. Sikukwambia. Nilikupongeza, nikakupigia picha, nikamtumia shangazi yako ujumbe. Kisha Bibi akaanza kulia, na mimi nikamwona Bibi kama mtu niliyemweka mlangoni anilindie. Unaikumbuka siku tuliyokuwa tunatoka Al Khoudh, kwenye taa za barabarani, ukanambia, "Baba, labda nighairi. Bibi hatoyaweza haya"? Mimi nikainua mkono nikaongeza kiyoyozi. Ulidhani nimehuzunika. Nilikuwa nimefurahi, Raya. Moyo wangu ulicheza kabisa. Sentensi moja ingetosha kulifungua fundo lile: ngome, Mama, si jela, majengo matupu, anakwenda kusoma. Mimi nina ulimi wa kuzungumza darasani saa nzima bila kunywa maji, na sentensi ile sikuisema. Nilimwacha mama yangu alie wiki baada ya wiki ili nisiondokewe na binti yangu.

Ulipoamua kwenda hata hivyo, uliamua peke yako, na mimi sikukusaidia. Nikaja na mpango wa kutoroka alfajiri. Nikauita huruma.

Leo baada ya Alasiri ulipotoka kwenda Ansab nikaenda kukaa naye. Alikuwa kitini na ungo mapajani, anachagua mchele. Mchele wa gunia la dukani, umeoshwa huko huko ulikotoka, hauna hata jiwe moja, naye anauchagua kila siku. Nikavuta kigoda nikakaa miguuni kwake ili anisikie.

"Mama, nnataka kukwambia habari ya Raya."

"Washamhukumu?"

"Hajahukumiwa na mtu. Mimi ndiye niliyesema vibaya. Raya anakwenda kusoma. Yale magereza niliyokwambia ni ngome, majumba ya zamani ya Wareno, kama Gereza lenu pale Forodhani. Anakwenda kujifunza kuyatengeneza yasianguke."

Akaendelea kuchagua. Nikadhani hakusikia, nikataka kurudia.

"Kwa hivyo hakufungwa," akasema.

"Hakufungwa, Mama."

"Na siku zote hizi nnalia, Seif, wewe ulikuwa unajua?"

Nikamwambia nilikuwa najua.

Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana, unajua ulimi wake ulivyo akitaka. Alipata chuya moja kwenye ule mchele, sijui ilitoka wapi, akaiweka kwenye kisahani pembeni.

"Anaondoka lini?"

Hapo mwanangu, baada ya yote hayo, nikasema uongo mwingine. Ulitoka wenyewe. "Bado, Mama. Bado kwanza."

"Sanduku lake liko ukumbini tangu juzi," akasema. "Yaliyoharibika ni masikio. Macho nnayo."

Akauweka ungo chini, akajifuta mikono kwa leso, akaanza kunisimulia jambo ambalo hajapata kunisimulia, na mimi sijapata kumuuliza. Wewe umekuzwa na neno moja, kwamba babu yako "alipotea" wakati wa mapinduzi. Na mimi nilikuzwa na neno hilo hilo. Mtu akipotea hakuna wa kuulizwa, na sisi hatukuuliza.

Nnakuandikia alivyosema, kwa maneno yake.

"Wewe ulikuwa hujatoka arubaini. Damu ilinitoka nyingi, nilikuwa sina nguvu hata ya kuinua kikombe. Nimelala na wewe ubavuni. Wakaja kabla ya alfajiri, watu wawili, mmoja tukimjua, tukinunua kwake samaki. Hawakupiga kelele. Wakamwambia babako avae, kuna maswali madogo. Mama mkwe wangu akaja mlangoni kuniamsha. Babako akamwambia, usimwamshe, mwache alale, kachoka, nitarudi kabla hajaamka. Akakuangalia wewe, akatoka. Haya nimehadithiwa. Mimi sikuyaona. Nilikuwa nimelala."

Akaikunja leso yake mapajani, akaendelea.

"Nilipoamka jua lishatoka. Nikaona mahali pake hapana mtu. Nikauliza, keshakunywa chai? Hakuna aliyenijibu. Mama mkwe kaniletea uji, ananiambia kunywa kwanza, kunywa kwanza. Nimekunywa bakuli zima, Seif. Nimekunywa uji mume wangu yuko gerezani, na nyumba nzima inajua isipokuwa mimi."

Nikamwambia, "Walitaka kukuhurumia, Mama."

"Ndiyo. Wote walinihurumia." Akaniangalia usoni, na macho yake ni mazima kweli, Raya, tusimdanganye. "Waliomchukua sigombani nao, wana wa kuwauliza. Mimi mpaka leo nnagombana na walioniacha nilale."

Kisha akaniomba maji. Nikaenda kumletea, nikasimama mbele ya friji muda mrefu na mlango wazi.

Maana mimi ndiye niliyekuwa ubavuni kwake asubuhi ile. Na Jumanne, hapa hapa jikoni, nilikwambia nini? Nilikwambia, "Mwache Bibi alale, tutamweleza baadaye." Maneno ya baba yangu niliyemkosa kabla sijamjua uso. Sikufundishwa na mtu. Nimeyatoa kichwani mwangu mwenyewe, nikiamini kabisa kwamba nnamfanyia mama yangu wema.

Na siku zote hizi alipokuwa akikushika mkono akikuuliza kama umekula, mimi nilidhani akili yake imechoka, anachanganya Lisbon na jela. Alichanganya, ndiyo, kwa sababu yangu. Lakini lile la kukuganda mlangoni halikuwa uzee. Alikuwa anakesha asije akapitwa tena. Mhudumu wetu, Mariamu, kanambia leo nilipomuuliza: Bibi ana siku nyingi hataki mlango wa chumba chake ufungwe, na akiiona taa ya bafuni ikiwaka usiku anainuka akakaa kitandani. Mariamu alidhani sisi tunajua.

Sikumwambia kwamba ni kesho. Mara hii si kwa kumficha. Niliona haki ya kumwambia ni yako.

Basi hili ndilo nnalotaka kwako. Usinielewe vibaya, sitaki ughairi. Nilipokuwa nataka ughairi nilikuwa kimya, sasa nnasema kwa sauti: nenda. Ukifika huko utaona sanamu za merikebu, na watu watakwambia kwa uso mkunjufu kwamba babu zao waliigundua bahari yetu. Usikasirike haraka, na usicheke haraka. Waulize walimkuta nani bandarini. Kisha siku nyingine, wakikuuliza wao, sema na ya kwetu, na usimnunulie mtu aiskrimu. Shika mawe yale, jifunze yanavyoshikana. Mimi nimezungumza juu ya kuta umri wangu wote na sijui hata chokaa inachanganywaje.

Ila miaka miwili, Raya. Bibi hana miaka miwili. Tusifichane hilo, wewe na mimi. Najua unalijua, ndiyo maana ulikuwa unatazama sakafu nilipokupa mpango wangu. Uliona kwamba nnakuomba utoke bila kuagana na mtu ambaye hutomkuta. Ulinikubalia kwa sababu mimi ni baba yako na umelelewa usinipinge, na waliokulea hivyo ni mimi na yeye. Laiti ungenipinga. Siku nyingine nikikwambia upuuzi wa namna hii nipinge, hata kama nimekasirika, hata kama shangazi zako wote wapo.

Mimi nnaogopa alfajiri hii kuliko wewe. Nnaogopa atakushikilia ukashindwa kutoka. Nnaogopa atalia kile kilio chake kisicho na sauti, na utapanda ndege nacho, na kitakaa nawe huko kwenye baridi ambako hakuna wa kukukalia karibu. Sina la kufanya juu ya hilo. Nitakuwa nje ndani ya gari, na sitopiga honi. Ndege ikituacha, imetuacha, tutakata tikiti nyingine.

Radhi zangu unazo, zilikuwa zako tangu kabla ya Ijumaa ile, mdomo wangu tu ndio uliozichelewesha. Za Bibi kazichukue mwenyewe, hakuna mtu mwingine anayeweza kukupokelea.

Kabla ya alfajiri ingia chumbani kwake. Washa taa, ile kubwa ya juu. Mshike bega, mwite kwa sauti mpaka afumbue macho, na usimwambie Sur, mwambie Lisbon, mwambie ni leo, mwambie ni sasa hivi. Atalia. Mwache alie, lakini alie akiwa anakuona.

Baba yako,
Seif